Sura ya Nane: Jina la Baba, Sijui

Katika makumbusho yale ya jeshi, mizinga ilikaa ndani penye kiyoyozi na watu walisubiri nje juani. Fundi cherehani alikuwa na muda wa kutosha kulitafakari jambo hilo, maana alifika saa mbili asubuhi na mpaka saa nne alikuwa bado kwenye benchi la saruji, hajaitwa. Mwisho wa benchi alikaa mchumba wake. Kati yao alikaa shangazi wa mchumba, na pochi ya shangazi, na mwavuli wa shangazi.

"Shangazi, sogea kidogo nami nipate kivuli," alisema mchumba.

"Kivuli kipo upande ule."

"Upande ule yupo yeye."

"Ndiyo maana nimekwambia kipo. Sijakwambia uende."

Fundi aliinamisha uso asionekane akicheka. Alipouinua, macho yake yalikutana na ya mchumba wake juu ya kilemba cha shangazi, yakakaa hapo kidogo, kama watu wawili wanaosalimiana juu ya ukuta.

"Na hayo macho yenu yanayonipita juu ya kichwa kama nzi," alisema shangazi bila kugeuka, "yapumzisheni. Karatasi ikisema ndiyo, mtatazamana mpaka mchokane."

Karatasi. Miezi mitano sasa fundi alikuwa anaishi kwa neno hilo moja.

Mchumba wake alikuwa fundi wa umeme, na mtaa mzima ulimwita Umeme. Miaka miwili iliyopita aliitwa kutengeneza soketi moja kwenye chumba cha fundi cha kushonea, kazi ya dakika kumi, naye akaifanya siku nne. Siku ya nne alimwita fundi Sindano, akaulizwa kwa nini, akasema kwa sababu imeingia na hajui itokee wapi. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri mpaka siku alipompeleka nyumbani kwao kumtambulisha. Watu wakala, wakataniana, fundi akacheka. Alicheka kama anavyocheka siku zote, kichwa amekilaza kulia, kiganja shavuni. Kijiko cha shangazi kikasimama njiani kati ya sahani na mdomo.

"Nani kakufundisha kucheka hivyo?"

"Hakuna, shangazi. Labda babu. Yeye ndiye aliyenilea."

"Babu yako, baba yake baba?"

"Ndiye."

"Wa ukoo gani?"

Hapo ndipo fundi alipokwama. Mama yake alifariki akimzaa, baba akafuata baada ya mwaka, na yule babu aliyebaki naye hakuwahi kusema alikotoka. Alitoka vitani, akashuka kwenye lori mjini, akapata kazi ya kulinda ghala, akaoa, akazeeka. Majirani walimwita Babu Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Hayo ndiyo yaliyojulikana.

Shangazi hakula tena siku ile. Marehemu baba yake alikuwa akicheka hivyo hivyo, kichwa kulia, kiganja shavuni. Na marehemu baba yake alikuwa na kaka, mmoja tu, aliyechukuliwa vitani na lori akiwa kijana na hakuonekana tena. Ukoo wao hauoani wao kwa wao, hata kwa undugu wa mbali. Wazee wakakaa, wakasema maneno mafupi: jeshi liliandika watu wake, basi jeshi liulizwe. Ikiwa Babu Kofia ni mwingine, harusi ifungwe. Ikiwa ni yule kaka aliyepotea, hawa wawili ni kaka na dada, na posa irudi ilikotoka. Shangazi akatumwa akaone kwa macho yake, maana wazee hawakumwamini Umeme kusoma karatasi ambayo ingemnyima mke.

Mlango ulifunguka. "Watu wa kibati," iliita sauti. "Ingieni."

Mtunza nyaraka alikuwa mwanamke mstaafu wa jeshi, wote pale walimwita Sajini, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Mifuko kwenye kabati. Kalamu ya wino hapana, penseli tu. Maji hapana. Kulia hapana. Machozi yanaharibu karatasi kuliko mchwa."

"Kwani watu hulia humu, Sajini?" aliuliza Umeme.

"Wanaume hasa."

Chumba cha kusomea kilikuwa na meza moja ndefu, taa za mezani, na mlango uliofungiwa springi na mpira ili usibamize. Fundi alifungua leso akaweka mezani kibati cha jeshi cha babu yake, cha shaba, mviringo, chenye namba na tundu la uzi. Sajini alikiinua chini ya taa, akakikagua kwa lenzi.

"Moja. Moja. Saba. Ya mwisho imefutika."

"Babu alikuwa anaisugua kwa dole gumba," alisema fundi. "Akikaa tu, mkono unaenda mfukoni, anasugua."

"Basi ameisugua mpaka amejifuta mwenyewe. Tuna watu kumi hapa, kuanzia elfu moja mia moja na sabini hadi sabini na tisa. Babu yako ni mmoja wao. Yupi, tutaona."

Alirudi amebeba daftari kubwa kama mlango wa kabati, akalilaza kwenye mto wa sponji kama mgonjwa. Alivaa miwani, akafunua kurasa kwa kuzishika pembeni. Kisha akaanza kusoma, kidole chake kikitembea hewani juu ya maandishi bila kuyagusa.

"Elfu moja mia moja sabini. Jina, Jumatano. Jina la baba, Sijui. Atokako, Mbali. Sabini na moja. Jina, Jumatano. Jina la baba, Sijui. Atokako, Kule. Sabini na mbili. Jina, Jumatano..."

Umeme alicheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

"Mbali ndiyo mji gani?" aliuliza shangazi.

"Si mji, mama. Karani alikuwa mgeni, lugha hajui. Aliuliza kwa mkalimani, akaandika alichosikia. Mtu akisema sijui, karani aliandika Sijui, kwa herufi kubwa, kama jina la mtu mzima. Nina akina Sijui arobaini na wawili katika daftari hili. Na siku hiyo, ukitaka kujua, ilikuwa Jumatano."

Kabati la jirani lilikuwa na daftari la farasi, la jeshi hilohilo na mwaka huohuo. Fundi alikuwa amelisoma mgongoni alipopita kuingia. Sajini alimwambia, bila kuulizwa, kwamba humo kila farasi ameandikiwa baba yake, mama yake na bibi yake mzaa mama, kwa mwandiko mzuri, na hakuna farasi hata mmoja aliyetoka Mbali. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi na hakuna kilichobadilika.

"Walikuwa hawawajui baba zao, wote hawa?" aliuliza fundi.

Sajini alivua miwani. "Watu hucheka wakifika hapa. Hata mimi nilicheka mwaka wangu wa kwanza. Halafu nikasoma daftari la wiki iliyofuata. Kila aliyetaja jina la baba yake, lori lilirudi kwa huyo baba kuchukua mwana wa pili. Waliosema sijui, nyumbani kwao hakufuatwa mtu. Nimetafuta miaka tisa, sijaona hata mmoja aliyefuatwa." Alivaa miwani tena. "Hawakuwa wajinga."

Shangazi aliinamia daftari. "Baba yangu hakufuatwa," alisema taratibu. "Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kama mlingoti. Sisi tulisema ni bahati."

Sajini aliendelea. Sabini na tatu, alama mwilini, kovu gotini. Sabini na nne, hana alama. Sabini na tano, jino moja la mbele halipo. Fundi alisikiliza huku amebana mikono katikati ya magoti. Alikuwa anaomba, na alichoomba ni kitu kimoja tu, kwamba neno fulani lisisomwe.

"Sabini na sita. Jina, Jumatano. Baba, Sijui. Atokako, Nyumbani. Alama mwilini..." Sajini alisogeza taa. "Ncha ya sikio la kushoto haipo. Imeng'atwa."

Shangazi alishika meza kwa mikono miwili.

"Huyo ndiye."

"Una hakika, mama?"

"Baba yangu ndiye aliyeing'ata. Walikuwa watoto, wanagombania ukoko wa sufuria. Hadithi hiyo ndiyo niliyolelewa nayo; sikuitaja, nilitaka karatasi iseme kwanza." Alimgeukia Sajini. "Kwa hiyo hakufa huko. Kama angekufa mngeandika."

"Ameandikwa ameachiliwa salama. Kijiji chenu kilikuwa wapi?"

"Hakipo. Mwaka wa pili wa vita wazee wetu walihamishwa, ukajengwa uwanja wa ndege."

"Basi alirudi," alisema Sajini. "Akakuta uwanja wa ndege."

Umeme alikuwa anamtazama mchumba wake. Fundi hakumtazama mtu. Alikuwa yuko mbali na chumba kile, ana miaka kumi, Jumamosi mchana, amesimama nyuma ya kigoda na wembe mkononi. Kofia imewekwa pembeni. Ili anyoe vizuri nyuma ya sikio la kushoto ilimbidi alikunje, na kila alipolikunja lilikuwa fupi, limekatika juu kama kitambaa kilichopitiwa mkasi vibaya. Mtu pekee duniani aliyejua kofia ile ilificha nini alikuwa yeye. Wengine wote walikwisha kufa.

"Saa saba," alisema Sajini, akafunika daftari. "Chumba kinafungwa kwa chakula cha mchana. Kila mtu nje mpaka saa nane."

"Sasa hivi?" aliuliza shangazi. "Nimesubiri miaka yote hiyo unifungie sasa hivi?"

"Ni sheria, mama. Hata majenerali hutolewa."

Shangazi alienda kunawa uso. Umeme na fundi walibaki kwenye ukumbi, mbele ya kabati la kioo lenye sare ya askari wa zamani. Fundi aliikagua sare kwa mazoea ya kazi. Kifungo cha tatu kilishonwa kwa uzi wa nailoni, uzi wa juzi, na mtu aliyekishona hakujua kufunga fundo. Alikazia macho kifungo kile ili asigeuke.

"Sindano."

"Leo usiniite hivyo."

"Kuna wengine tisa kwenye ukurasa ule. Tisa kwa mmoja. Mtu akikupa bahati nasibu ya namna hiyo unauza mpaka kitanda."

Fundi alifungua mdomo. Umeme akainua kiganja karibu na midomo yake bila kuigusa. Kilikuwa na alama ndogondogo za kuungua za kazi, na fundi alizijua zote.

"Usiniambie."

"Hujui ninachotaka kusema."

"Ndiyo, na sitaki kujua. Usiponiambia, mimi bado mchumba wako. Ukiniambia, nitakuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine sijui hata kinasimama vipi."

"Utaishi hivyo? Miaka yote, kuna jambo moja huniulizi?"

"Nitaishi. Watu wanaishi na makubwa zaidi."

"Na watoto?"

"Watakuwa na masikio yao." Alijaribu kucheka, cheko likakataa kutoka. "Shangazi akikuuliza masikio ya babu, sema neno moja. Mazima. Umemaliza. Jioni tunanunua viti vya plastiki."

"Ungekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi."

"Niambie nifanye nini niwe mbaya."

"Huwezi. Soketi moja tu ilikuchukua siku nne."

"Siku tatu. Ya nne niliiharibu soketi mwenyewe makusudi, nipate kurudi."

Fundi aligeuka. Hilo alikuwa hajui. Walitazamana hapo mbele ya kioo, karibu kiasi kwamba alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake, shati alilomshonea mwenyewe, akimpima mabega mara tatu ambapo mara moja ingetosha. Alitaka kuegemeza paji la uso kwenye bega lile. Ilikuwa hatua moja. Miezi mitano iliyopita angeipiga bila kufikiri. Sasa miguu ilimsubiri, naye hakujua aiambie nini.

Nyuma yao shangazi alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Saa nane kamili walikuwa mezani tena. Safari hii shangazi alivuta kiti chake akakaa ubavuni mwa fundi, si katikati. Sajini alikuwa na karatasi yenye nembo na kalamu ya wino, yeye peke yake akiruhusiwa.

"Mimi naandika kile mnachoweza kunithibitishia," alisema. "Kibati kina namba pungufu. Kati yenu, aliyemwona mzee kwa macho ni binti huyu tu. Bila yeye, daftari limefika mwisho wake."

Shangazi aliuchukua mkono wa fundi akauweka kwenye paja lake. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Mwanangu, nakuuliza mara moja, sitarudia, na utakalosema nitalipeleka kwa wazee kama lilivyo. Babu yako aliyekulea. Masikio yake."

Kiyoyozi kilinguruma. Umeme alikuwa ameishika penseli kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Fundi alimwona kwa pembe ya jicho na akaona pia viti vya plastiki, na chumba chao, na Umeme akipanda juu ya meza yake ya kukatia kubadilisha taa, miaka arobaini.

"Mazima, shangazi. Yote mawili."

Umeme aliachia pumzi. Kalamu ya Sajini ikaanza kukwaruza.

"Namshukuru Mungu," alisema shangazi. "Nimefurahi. Kweli nimefurahi." Alipapasa kando yake kutafuta pochi yenye leso, akakumbuka iko kwenye kabati, akajifuta kwa ncha ya kilemba. "Msinione hivi. Kaoaneni. Nilikuwa na langu dogo tu, la kizee."

"Lipi, shangazi?" aliuliza Umeme. Angejua asingeuliza.

"Babu yako, baba yangu. Wiki zake za mwisho, kila mtu aliyepiga hodi, yeye alimuuliza, kaka kaja? Mwambieni nilimng'ata kwa njaa, si kwa chuki. Mzee wa mvi, anatetemeka, anaombea msamaha kipande cha sikio. Alikuwa anaamini kaka yake hakurudi kwa sababu hiyo. Aliamini hivyo miaka hamsini. Hatukuwa na la kumjibu. Nikasema leo nikimpata huyu mtu, au mtu wake, nitamuuliza kama kaka alikasirika, nikamwambie baba kaburini." Alikunja ncha ya kilemba, akaikunjua. "Sasa ndiyo basi. Bado yuko huko aliko, na hasira zake."

Fundi aliambiwa neno moja na neno alikwisha kulisema. Kalamu ilikuwa imefika mstari wa tatu, ikibaki sahihi na muhuri, na baada ya hapo hakuna daftari, hakuna mzee, hakuna aliye hai ambaye angeweza kumnyang'anya mtu wake. Alichotakiwa ni kukaa kimya, kazi ambayo hata jiwe linaiweza. Alihesabu mistari kwenye mbao za meza. Alihesabu mpaka saba.

"Hakukasirika," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Nani?" aliuliza shangazi.

"Babu. Hakukasirika, shangazi, hata kidogo." Sauti yake ilitoka ndogo, lakini sasa ilikuwa imeanza na hakuweza kuirudisha. "Nilikuwa namnyoa. Nikamuuliza kipande kingine kiko wapi. Akacheka, akasema amemwachia mdogo wake amtunzie. Siku watakayoonana watagawana."

Alisikia penseli ikidondoka. Hakuangalia. Shangazi alikuwa amemshika uso kwa mikono yote miwili, anamgeuza huku na huku kama mtu anayesoma, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno. Lililotoka lilikuwa lilelile fundi alilomwita kwa adabu tangu siku ya kwanza.

"Mimi shangazi yako," alisema. "Mimi shangazi yako kweli. Baba yako alikuwa kaka yangu."

Akalia, na Sajini hakumkataza. Alilivuta tu daftari likae mbali na machozi.

Kiti cha Umeme kilisukumwa nyuma. Fundi alingoja aseme kitu, amlaumu, amtukane hata, maana tusi lingekuwa la kushika. Umeme alitembea mpaka mlangoni, akatoka, akaushika mlango ule kwa nyuma na kuuvuta kwa nguvu zake zote, aubamize mpaka mizinga isikie. Springi iliupokea. Mpira ukauzuia. Mlango ukaenda kwa mwendo wake, na fundi aliyaona kwenye upenyo mabega aliyoyapima mara tatu, kisha bega moja, kisha mkono wa shati, na mkono ule ulikuwa bado unavuta.